Muhuri wa kijani na nyota tatu: miezi minane na programu ya mafaili ya wagonjwa

Mimi ni mtunza kumbukumbu wa kliniki ndogo ya fiziotherapia: watoa tiba watatu, dada wa mapokezi, na kabati la chuma ambalo ufunguo wake ulining'inia msumarini kwa miaka. Ndiyo, msumarini, palipo wazi kwa kila mpita njia. Kwa hiyo tulipohamia kwenye programu ya kulipia kila mwezi nilishusha pumzi. Tangazo lao lilikuwa na muhuri wa kijani: inakidhi HIPAA na GDPR, yaani sheria ya Marekani ya kulinda taarifa za afya na ile ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi.

Naanza kuwakata nyota kwa muhuri huohuo. HIPAA ni ya mwaka 1996, na wizara ya afya ya Marekani haitambui cheti cha kampuni binafsi kinachodai kwamba programu fulani imeikidhi. Muhuri wamejichorea. Cha kudai ni mkataba, mwenye programu akiri kwa maandishi kwamba anashika taarifa kwa niaba yetu, hatazitumia kwa jingine, na zikivuja atasema. Niliuomba siku ya kwanza, nikaletewa brosha. Nikaomba tena, nikaletewa brosha yenye rangi nzuri zaidi. Mkataba ulipofika wiki ya tatu, ulisema watatujulisha uvujaji "ndani ya siku 30". GDPR inamtaka mchakataji, yaani anayeshika taarifa kwa niaba yako, aseme bila kuchelewa, na kliniki ikishajua ina saa 72 kuiarifu mamlaka. Niliwabana hadi wakashuka saa 24.

Kinachonifanya nisiihame ni daftari la ufikiaji. Kila faili linaonyesha nani alilifungua na saa ngapi. Mwezi wa nne niliona faili la mgonjwa aliyemaliza tiba zamani limefunguliwa mara mbili, saa ya chakula cha mchana, kutoka mapokezi.

"Dada, faili hili ulikuwa unatafuta nini?"

Akainamisha macho. "Ni jirani yangu. Nilitaka tu kujua kama amepona."

Hakuwa na ubaya, na ndiyo maana ilinisumbua zaidi. Kumbe programu inapowekwa kwenye kompyuta mara ya kwanza humpa kila mtumiaji kila kitu, nasi hatukuwahi kubadilisha. Nilikaa mchana mzima nikigawa ruhusa. Sasa mapokezi wanaona jina, simu na saa ya miadi, basi. Ilipaswa kuja imefungwa, tufungue wenyewe tunachohitaji.

Halafu zile meseji za kukumbusha miadi. Mfumo huchukua jina la huduma moja kwa moja na kulibandika kwenye ujumbe. Mama mmoja alikuja amekasirika, ila sauti ameishusha.

"Mwanangu, simu ilikuwa mezani kazini. Imeandika miadi ya tiba ya kushindwa kuzuia mkojo. Wenzangu wanne wamesoma."

Nilisema nisamehe mama, na sikuwa na la kuongeza. Ujumbe wa kukumbusha unahitaji siku na saa tu. Nafasi ya kuubadilisha ipo, imefichwa ndani ya menyu tatu, na inabidi urudie kwa kila huduma moja moja. Tuna huduma kumi na saba.

Mgonjwa akitaka nakala ya faili lake inatoka safi, inasomeka, dakika mbili. Hapo sina neno.

Huduma kwa wateja wanajibu haraka, ila siku moja kijana wao aliniambia nimtumie picha ya skrini kwa barua pepe ya kawaida ili aone tatizo. Skrini ilikuwa na majina ishirini na magonjwa yao! Nilifunika majina kwanza ndipo nikatuma. Akashangaa kwa nini nimechelewa.

Nyota tatu. Nimewaandikia mara mbili waondoe jina la huduma kwenye meseji kwa wateja wao wote, si kwetu tu. Wakifanya hivyo nitarudi hapa kuongeza ya nne.