Vifaa vya kupigia picha mbawakawa wadogo: ununue kipi kwanza

Mbawakawa mwenye urefu wa milimita tatu au nne hapigwi picha ili apendeze tu, bali ili ajulikane jina, na mara nyingi alama inayomtambulisha iko mahali ambapo picha ya kawaida haifiki. Chukua mfano wa dumuzi, mdudu mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati aliyegunduliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika huko Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ambaye hadi leo anageuza mahindi ya ghalani kuwa vumbi. Ukimtazama kwa juu anafanana mno na jamaa yake mdogo anayetoboa ngano na mchele: wote wawili ni kama kipande cha kijiti, na kichwa kimeinamia chini ya kifua hata hakionekani. Tofauti iko nyuma, kwani mabawa magumu ya dumuzi yanakomea ghafla kama gogo lililokatwa kwa msumeno, ilhali ya mwenzake yanateremka kwa mviringo. Kwa hiyo nimevipanga vifaa hivi kwa kuuliza swali moja tu: je, kitanionyesha sehemu hiyo ya nyuma nikimpiga ubavuni, pamoja na pingili za vipapasio?

Nafasi ya kwanza naipa lenzi ya kubandika mbele ya lenzi nyingine, hasa Raynox DCR-250, ikiwekwa kwenye kamera iliyotumika ya kubadilisha lenzi. Hesabu yake ni rahisi. Ukiibana mbele ya lenzi ya milimita 250 na kuweka fokasi ya lenzi hiyo mbali kabisa, mdudu anaonekana kwenye kihisi cha kamera kwa ukubwa wake mara mbili, hivi kwamba dumuzi mwenye milimita 4 anachukua zaidi ya theluthi moja ya upana wa picha, kwa kihisi chenye upana wa milimita 23 hivi. Umbali kati ya lenzi na mdudu unabaki karibu sentimita 11, nao unatosha kupitisha mwanga bila kumshtua. Ukiwa na lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55 peke yake hutafika nusu ya ukubwa wake halisi, kwa hiyo tafuta kwanza lenzi ndefu ya mtumba.

Ya pili ni lenzi ndogo ya kubana kwenye simu, na kwa asiye na kamera hii ndiyo ya kuanzia. Nunua ile inayokuza kati ya mara 10 na 15. Mimi niliwahi kushawishiwa dukani kuchukua iliyoandikwa namba kubwa zaidi. Kingo za picha zilikuwa ukungu mtupu, na ilibidi niisogeze karibu mno hata kivuli cha simu kikamfunika mdudu mzima. Ibane kwenye kamera kuu ya simu, usiitegemee ile kamera ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya megapikseli 2 inayowekwa kwenye simu nyingi za bei nafuu, kwa maana haina uwezo wa kuonyesha pingili.

Kamera ndogo ya OM System TG-7 naiweka ya tatu. Haiingii maji, inakaribia mdudu hadi sentimita moja, na yenyewe huunganisha picha kadhaa zilizolengwa kwa kina tofauti ili mwili wote uonekane bayana. Kwa mtu anayetembea kwenye misitu yenye mvua kama ya Amani, huko Usambara, ningeipandisha nafasi moja. Lenzi halisi ya makro inafuata: picha zake ni safi kuliko zote, lakini nyingi zinaishia kwenye ukubwa halisi, na hapo mdudu wa milimita 3 anachukua sehemu moja ya nane tu ya upana. Inunue ikiwa unapiga pia vipepeo na maua. Hadubini ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta nimeziweka mwisho, kwa sababu zinafaa kwa mdudu aliyekufa mezani pekee.

Hata hivyo, chochote utakachochagua, tenga fedha ya mwanga. Mabawa ya mbawakawa hung'aa kama kioo, na flashi ikimpiga moja kwa moja unapata doa jeupe mahali palipo na vishimo na mistari unayoihitaji. Kipande cha galoni nyeupe ya plastiki kilichokatwa na kuzungushiwa mbele ya flashi kimenisaidia kuliko lenzi yoyote niliyowahi kununua. Ongeza kioo cha mkononi cha kukuza mara 10 na karatasi ya grafu yenye milimita, ili vipimo viwe ndani ya picha yenyewe.

Mdudu asiyetulia mweke kwenye friji dakika chache ndani ya kichupa, kisha mpige juu, ubavuni na tumboni. Miguu usiisahau: mbawakawa mwekundu wa unga ana pingili tano kwenye nyayo za mbele na za kati, lakini nne kwenye za nyuma, na hesabu hiyo inamtenga na wengi anaofanana nao. Ukizipeleka picha iNaturalist, mtandao wa kurekodi na kutambua viumbe, ziweke zote kwenye rekodi moja, na jina linalopendekezwa na programu ulikubali hadi kwenye familia tu, mpaka uione mwenyewe ile alama inayomtambulisha.