Magongo ya kiwiko: maoni ya fundi umeme ambaye mfupa wake haukuwa na haraka

Nianze na hukumu, maana anayetafuta magongo usiku huu hana muda wa hadithi. Magongo ya kiwiko, yale ya aluminiamu yenye pete inayoshika mkono chini kidogo ya kiwiko, nunua. Ya kwapani waachie wenye ajali ya wiki mbili tatu. Kama mfupa wako ni mkaidi, utaishi na hivi vyombo, na chombo unachoishi nacho kichague unavyochagua bisibisi: kishike, kigeuze, kipime, ndipo ulipe.

Mimi ni fundi umeme. Ngazi iliteleza, muundi ukavunjika, nikawekewa chuma na skrubu. Sehemu hiyo haina utamu, tuipite. Kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye. Eksirei ya kwanza ikaonyesha mfupa haujaunga, ya pili hivyohivyo, nikarudishwa chumba cha upasuaji. Katikati ya hayo, tenda ya jengo la ghorofa ambalo nilishalitandazia mabomba ya waya mpaka juu ikapewa fundi mwingine. Sikumnunia. Jengo halisubiri mguu wa mtu. Lakini ukikaa kitandani huku unajua kuna mtu anavuta waya ndani ya mabomba uliyoyalaza wewe, dari la chumbani unalihesabu mpaka nyufa zake.

Ya kwapani ndiyo niliyotoka nayo hospitali. Hayana ubovu wa kuvunjikavunjika. Ubaya wake ni kwamba yanakubembeleza uyaegemee. Ukichoka, mwili unashuka wenyewe mpaka uzito wote unakaa kwapani, na hapo ndipo inapopita neva inayokiinua kiganja. Neva hiyo ikibanwa kwa muda mrefu, kiganja kinaning'inia na vidole vinagoma kunyooka. Kanuni inasema uache nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya kwapa na mto wa juu, na uzito ubebwe na mikono. Kanuni nzuri sana. Sasa hebu ifuate mwisho wa siku, ukiwa umetoka kupanga foleni ya eksirei. Mguu nilishautoa kwenye hesabu. Mkono wa kushikia plaizi sikuwa tayari kuuweka rehani.

Ya kiwiko hayakupi pa kujilaza. Uzito unapita kwenye kiganja, pete inazuia gongo lisikukimbie, na ukitaka kufungua mlango unaachia mpini, gongo linabaki limening'inia mkononi. Siku za mwanzo mikono inauma, hasa nyuma ya bega na sehemu nene ya kiganja chini ya kidole gumba. Hilo hupungua.

Kimo sasa, na hapa nitakaa kidogo. Vaa viatu utakavyotembelea kila siku, simama wima, acha mikono ining'inie. Mpini uwe sawasawa na mkunjo wa kifundo cha mkono. Ukiushika, kiwiko kikunjike kidogo tu, kati ya nyuzi 15 na 30. Pete ikae sentimita tatu hivi chini ya kiwiko. Ikipanda inagonga mfupa kila ukikunja mkono, ikishuka gongo linacheza.

Yangu yalikuja yamefungwa juu mno, na mimi nikadhani ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Mabega yakapanda hadi karibu na masikio, shingo ikakaza, nikifika mlangoni jasho linatiririka. Kila aliyenitembelea alikuwa na neno moja: jikaze. Nikajikaza. Nilijikaza hata usingizini, naamka meno yanauma. Nikaanza kuamini kwamba labda mimi ni mtu legelege, kwamba kuna wanaume wanavunjika vibaya kuliko mimi na hawalalamiki. Ndipo dada wa mazoezi ya viungo akanitazama natembea kutoka mlangoni hadi mezani kwake, akasema, "Kaka, moyo unao. Umezidisha tundu moja." Akabonyeza kile kitufe cha chuma, akashusha bomba, kitufe kikaruka kwenye tundu la chini, ta! Gongo la pili, ta! Sentimita mbili na nusu hivi. Nikarudi mlangoni na shingo yangu ikiwa mahali pake.

Wa kuniambia pole pole ndio mwendo walikuwa wengi. Wa kunishushia tundu moja alikuwa mmoja.

Yeye huyohuyo ndiye aliyenifundisha mizani. Baada ya upasuaji wa pili niliruhusiwa kukanyaga kwa kilo 20, zisizidi. Mguu hauna mita. Huwezi kujua kilo 20 zinafananaje mpaka uzione. Unaweka mizani ya bafuni sakafuni, pembeni yake unaweka ubao wenye kimo kilekile kwa ajili ya mguu mzima, unasimama katikati ya magongo, kisha unaushusha mguu mbovu juu ya mizani huku macho yako kwenye mshale. Mara ya kwanza mshale ulifika tano, ukatetemeka, nikaunyanyua mguu kana kwamba nimegusa waya wenye umeme. Siku nyingine niliteleza kidogo ukapita 30, na muundi ukanijibu palepale. Unarudia mpaka nyayo yenyewe inakariri.

Nimesoma mita maisha yangu yote, na hiki ndicho kilichonituliza. Mabishano ya kama nina moyo au sina moyo yakakoma. Kulikuwa na mshale, mshale uko kwenye 12, basi, kesho tutaona. Na usidhani ulipanda kwa mpangilio. Kuna asubuhi ulikuwa chini ya wa jana yake, na hakuna sababu yoyote niliyoijua. Niliandika hata hizo. Kwenye kazi yetu kipimo kibaya ukikificha, nyumba inaungua.

Turudi kwenye bidhaa. Kitu cha maana kuliko vyote katika magongo ni kipande kidogo kuliko vyote: raba ya chini. Chuma kinaweza kudumu miaka, raba inaisha upesi, na inaisha upande mmoja kwa sababu kila mtu anakanyaga kwa mshazari wake. Zile duara zilizochongwa chini zikifutika, badilisha, usingoje ipasuke. Sakafu ya marumaru yenye maji haina huruma na raba iliyolainika. Kabla ya kununua nyingine pima unene wa bomba. Langu ni milimita 19, na raba kubwa zaidi inazunguka na kukuacha umesimama kwenye ncha ya chuma. Mchanga ukiingia kwenye zile duara, ukwangue kwa msumari. Nunua raba za akiba siku hiyohiyo unayonunua magongo.

Kelele. Maduka hayakuambii: magongo ya kubonyeza kitufe hugonga, kla, kla, kila hatua, kwa sababu bomba la ndani lina nafasi ndani ya bomba la nje. Ukienda msalani usiku, nyumba nzima inajua. Dawa yake ni kukaza ile nati ya plastiki kwenye maungio, na ikishindikana zungusha tepu ya umeme tabaka moja kwenye bomba la ndani kabla ya kulichomeka. Tepu ninayo, namshukuru Mungu. Mwenye kutengeneza angeweka kipete cha raba pale tangu kiwandani na mambo yangeisha.

Kwa mafundi wenzangu, hili lisikieni: aluminiamu hupitisha umeme. Raba ya chini isiwadanganye, kwa sababu mkono wako uko kwenye pete, bomba linaweza kugusa fremu ya chuma au bomba la maji, na raba ikilowa na kujaa tope haina dhamana tena. Ukiwa kwenye magongo, hakuna kugusa kitu chenye umeme. Zima, funga swichi, pima kwa testa, kisha kaa kwenye stuli, magongo yaweke mbali. Hata nikiwa mzima ndiyo sheria, lakini mzima anaweza kuruka nyuma. Mimi nisingeruka popote.

Na kazi? Kazi ilipungua hadi simu ikawa inalia kwa pole tu. Nilichofanya ni kugeuza meza kuwa saiti. Nikaanza kupanga maboksi ya sakiti breka nikiwa nimekaa: kukata waya, kuchubua, kuvalisha ncha, kuandika lebo ya kila laini, kisha kijana wangu analibeba boksi limekamilika na kwenda kulifunga ukutani. Michoro nikaichora mimi, hesabu ya mzigo wa kila laini nikaipiga mimi, naye akawa ananitumia picha kabla ya kufunika chochote. Mwanzoni alikerwa. Mafundi wawili niliowapigia kuwaomba wanipe kazi ya meza walikataa, wa tatu akakubali, na maboksi yake ndiyo yaliyolipa eksirei iliyofuata. Mapato hayakurudi pale yalipokuwa, na sitakudanganya kwamba yatarudi. Ila nilipoona waya zimelala sambamba ndani ya boksi, nyekundu kwa nyekundu, nilijua mkono wangu bado ni wangu.

Ndiyo maana nina lalamiko kubwa juu ya mipini. Ile ya kawaida ni plastiki ngumu ya mviringo, nyembamba, inakusanya uzito wote kwenye kisigino cha kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Hapo pana neva nyingine, na ikikandamizwa kidole kidogo na mwenzake vinaanza kufa ganzi. Mwenye kazi ya ofisini anaweza kuvumilia. Mimi nilianza kuangusha skrubu ndogo. Tafuta yenye mpini mpana uliochongwa kufuata kiganja, kulia na kushoto tofauti. Ni mizito kidogo, haipendezi macho, na kwa anayeishi kwa vidole vyake nafuu yake ni kubwa. Sponji niliyoongeza juu yake ilinuka jasho upesi. Tafuta ya kufua.

Ngazi kwa haraka: kupanda, mguu mzima kwanza, kisha mbovu na magongo. Kushuka, magongo kwanza, mbovu, kisha mzima. Kama kuna pa kushika ukutani, pashike, magongo yote upande mwingine. Mizigo yote iende mgongoni, na kinywaji cha moto kiwe kwenye chupa ya kufunga, la sivyo utakinywa ulipokimimina.

Sasa natembea na gongo moja. Wengi hulishika upande wa mguu ulioumia, na watu barabarani huniambia nimekosea. Sijakosea. Linakaa mkono wa upande wa pili, linatangulia pamoja na mguu mbovu, mwili usiegemee ule mguu. Eksirei ya mwisho inaonyesha mfupa umeanza kushikana, bado kuna mstari. Daktari anataka picha nyingine. Ngazi sijaruhusiwa, na aliyechukua lile jengo amenipigia akitaka nimpangie maboksi ya ghorofa mbili za juu. Nimemtajia bei yangu, bila punguzo la urafiki.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata nusu kwa kelele, nusu kwa mpini.