Seti ya DVD za Alec Guinness: inafaa, ila si yote

Kama wengi, huyu mwigizaji wa Uingereza nilimjua kwa Star Wars tu, yule mzee Obi-Wan mwenye ndevu na joho. Seti hii nimeinunua mtandaoni ikiwa imetumika: filamu nne alizoigiza katika studio za Ealing, London. Kasha lilifika limepasuka na muuzaji hakujibu ujumbe, lakini diski zinacheza bila kukwama, basi yameisha.

Anza na Kind Hearts and Coronets ya 1949. Kijana aliyetupwa na ukoo wa kitajiri anaamua kuwamaliza ndugu wote wanaomzuia kurithi cheo cha Duke, na wanaukoo wanane, akiwemo bibi mmoja, wote ni Guinness. Kuna tukio la kanisani ambapo sita kati yao wanaonekana kwa pamoja. Kompyuta hakuna: kamera ilifungwa isitikisike, sehemu ya lenzi ikazibwa, jamaa akabadilishwa vipodozi, mkanda ukarudishwa nyuma, wakapiga tena. Nimerudia pale kutafuta mahali picha zilipounganishwa, sikupaona.

Na vipodozi si kitu. Yule mchungaji wake ni mzee anayechosha kwa maneno; admirali anazama na meli yake, kasimama wima anapiga saluti hadi maji yanamfunika. Wachekeshaji wetu wakivalishwa gauni huanza kukata viuno. Yeye akiwa Lady Agatha, yule bibi, hafanyi vituko, na ndiyo maana nilicheka.

The Lavender Hill Mob (1951) ni ya karani mpole wa benki anayeiba dhahabu na kuiyeyusha iwe vinyago vya mnara wa Eiffel. Ilimpa uteuzi wake wa kwanza wa Oscar, na ni haki yake. The Man in the White Suit ya mwaka huohuo ina wazo zuri, kitambaa kisichochakaa wala kuchafuka, matajiri wa viwanda na wafanyakazi wanaungana kumkimbiza mvumbuzi, lakini katikati inaburuta. The Ladykillers (1955) ndiyo pekee yenye rangi. Tazama yale meno ya bandia ya Guinness.

Upungufu: kuhusu maisha ya Guinness hakuna kitu, na maisha yenyewe si haba. Alizaliwa London mwaka 1914, cheti cha kuzaliwa hakina jina la baba. Akafanya kazi kwenye ofisi ya matangazo. John Gielgud, mwigizaji mkubwa wa jukwaani, akampa nafasi ya Osric katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, 1934. Vita vilipokuja akaingia jeshi la majini. Jukwaani ndiko alikofundwa, na humu jukwaa halionekani. Hata The Bridge on the River Kwai, iliyompa Oscar, haimo.

Kiingereza chao ni cha kasi, kwa hiyo washa maandishi ya chini. Kwa bei ya mitumba, nunua. Ikiuzwa mojamoja, chukua ya 1949 na ya karani, ya suti nyeupe waachie wenyewe.