Dungeons & Dragons toleo la 5 mbele ya bosi: mchawi anapata nini kwa zamu yake?

Kwenye pambano la bosi, yaani adui mkuu, toleo la 5 la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, linamtendea haki mpiga panga. Kila pigo linalompata joka linapunguza pointi zake za uhai, na hata pigo dogo halipotei bure. Mchawi hana bahati hiyo. Anatoa nafasi yake kubwa kabisa ya uchawi (nafasi hizo ni chache kwa siku), bosi anashindwa rusho la kujinusuru, yaani dadu ya kuukwepa uchawi, halafu msimamizi wa mchezo anatangaza kwamba bosi amefaulu. Zamu imekwisha, hakuna kilichobadilika, na mchawi anakaa kusubiri wenzake wote wazunguke. Kwa jinsi kanuni inayoruhusu hilo ilivyochapishwa, tunaipa nyota 2 kati ya 5.

Kanuni yenyewe ni Legendary Resistance: mara 3 kwa siku, bosi akishindwa kujinusuru anaweza kuamua kwamba amefaulu. Imewekwa kwa sababu ya msingi. Bila hiyo, Hold Monster moja inampooza bosi, kila pigo linalompata kutoka karibu linahesabiwa kuwa pigo la maangamizi, lenye dadu za madhara maradufu, na pambano lililoandaliwa wiki nzima linaisha raundi ya kwanza. Msimamizi anahitaji kinga ya namna hii. Kasoro ni kwamba gharama yote ya kinga hiyo ametwishwa mchezaji mmoja.

Tuchukue joka jekundu lililokomaa la mwaka 2014: pointi 256 za uhai, deraya 19 (namba ambayo shambulio lazima lifikie ili limpate). Mbele yake yuko mchawi wa daraja la 13 mwenye akili 20, ambaye uchawi wake unamtaka bosi afikishe 18 kwa dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza yake. Joka linaongeza 7 kwenye rusho la hekima, ambalo ndilo Hold Monster inalolidai, kwa hiyo Hold Monster inampata nusu ya mara. Kinga zikiwa 3, mchawi anahitaji joka lishindwe mara 4, maana yake kwa wastani arushe uchawi huo mara 8. Nafasi zake za daraja la 5 kwenda juu ni 4 tu. Hata angekuwa nazo 8, pambano la kawaida halifiki raundi nane: wapiga panga watakuwa wameshamaliza zile pointi 256. Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Bosi ana mita mbili, moja ya uhai na moja ya kinga, na kupunguza moja hakusaidii nyingine kwa lolote. Kundi moja linapigana mapambano mawili, na la mchawi mara nyingi halifiki mwisho.

Mchawi anayejua kazi yake anaweza kupunguza hasara. Asichague uchawi unaojaribu ukakamavu: joka linaongeza 13 pale, na uwezekano wa kulishinda ni asilimia 20 tu. Aende kwenye akili, ambako joka linaongeza 3 na linashindwa kwa asilimia 70. Tasha's Mind Whip inagharimu nafasi ya daraja la 2 tu, na ikipata, zamu inayofuata joka lichague kusogea au kushambulia, si vyote. Msimamizi anabaki na uamuzi mgumu kweli, atumie kinga au akubali joka lake lisimame pale pale lilipo. Uchawi usio na rusho la kujinusuru nao unaipita kanuni hii kabisa. Wall of Force, ukuta usioonekana, haiulizi kitu. Maze, inayomfungia adui kwenye fumbo la njia, inamtaka aliyenaswa afikishe 20 kwa jaribio la akili, na kwa kuwa jaribio si rusho la kujinusuru, Legendary Resistance haiwezi kumtoa.

Tulitarajia marekebisho ya 2024 na 2025 yatibu jambo hili. Yameliongeza. Joka lililokomaa sasa lina kinga 4 likiwa kwenye pango lake, na joka la kale lina 4, au 5 pangoni. Counterspell, uchawi wa kuzuia uchawi wa mwingine, nayo imebadilishwa: anayezuiwa anarusha kujinusuru kwa ukakamavu, kwa hiyo bosi mchawi mwenye Legendary Resistance anaweza kuitumia hata pale. Zamani hilo halikuwezekana.

Anayetaka kuona kazi hii ikifanywa vizuri aangalie mchezo mwingine wa aina hii, Pathfinder toleo la 2, la mwaka 2019. Pale rusho lina matokeo manne badala ya mawili: kufaulu au kushindwa, na kila kimoja kwa kawaida au kwa kupindukia. Slow, uchawi wa kupunguza kasi, ikimkuta bosi aliyefaulu kujinusuru, bado anapoteza kitendo kimoja kati ya vitatu kwa raundi nzima. Bosi ameshinda, na zamu ya mchawi imeacha alama. Uchawi wa kumaliza pambano papo hapo umebanwa na sharti lake: bosi ambaye daraja lake linazidi mara mbili ya daraja la uchawi anapandishwa ngazi moja ya mafanikio. Wachezaji wapya hulisahau sharti hilo na kupoteza nafasi zao nzuri, lakini angalau limeandikwa kwenye uchawi wenyewe, mchawi analisoma kabla ya kuchagua.

Asiyetaka kuhama mchezo anaweza kurekebisha kwa kanuni moja ya nyumbani: kila bosi anapotumia kinga, deraya yake inashuka kwa 1 hadi pambano liishe. Weka kete 3 mezani mbele ya kila mtu, na uondoe moja kila kinga inapotumika. Mpiga panga anayeongeza 11 alikuwa anampata joka kwa asilimia 65. Kete zote zikiondoka, deraya ni 16 na anampata kwa asilimia 80. Sasa mita mbili zimeungana, na uchawi "uliofeli" umewafungulia wenzake njia. Usishushe kwa 2 kila mara, maana namba za mchezo huu ni ndogo na bosi atakuwa nyama laini kufikia raundi ya tatu. Wengine hukata pointi za uhai badala ya deraya. Inafanya kazi, ila inamgeuza mchawi kuwa mpiga panga mwingine mwenye silaha dhaifu. Kwa kanuni ya deraya, tunapandisha hadi nyota 4.

Nyota ya tano inakwama kwenye umakini, yaani uwezo wa mchawi kuendelea kuushikilia uchawi wake anapopigwa. Pumzi ya joka hili ina wastani wa madhara 63, na mchawi aliyeshindwa kuikwepa anatakiwa afikishe nusu yake, yaani 31, ili auhifadhi uchawi anaoushikilia; toleo jipya limeweka ukomo wa 30, ambao kwa mchawi wa kawaida hauna tofauti. Kama alikuwa ameshikilia Haste, uchawi wa kumwongezea mwenzake kasi, mwenzake huyo anapoteza zamu nzima juu ya hasara hiyo. Koni ya pumzi ina urefu wa futi 60, kwa hiyo ramani lazima iwe na mahali pa kusimama futi 70 au zaidi kutoka kwa bosi, pamoja na nguzo au mwamba wa kujikinga. Chumba cha futi 50 kwa 50 kinamnyima mchawi nafasi ya kuishi kabla dadu haijarushwa.

Na kama kundi lina wachawi watatu, ongeza kete moja. Zikiwa tatu tu zinaweza kuisha raundi ya kwanza, na Hold Monster itarudi kufanya kile ilichozuiwa kufanya.