Hamira ya Voss imeniokolea ndoo nzima ya bia (nyota 4)

Jamani naandika hii kwa wale wa huku kusini wanaojipikia bia nyumbani, maana najua siko peke yangu niliyewahi kukaa na ndoo siku tatu kimyaa, haitoi hata povu la kusingizia.

Mi niko Mtwara mjini, Chuno. Hamira ya kwanza nilinunua duka moja silitaji, pakti zao zimepangwa kwenye kabati la kioo linapigwa na jua la saa nane mchana, na mi nikaona poa tu, hamira si hamira. Nikapika lita 20, kimea cha shayiri nimeagiza Dar, hopsi (yale maua ya kuipa bia uchungu) nimeagiza Dar, haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki, namba ikishuka ndo sukari inageuka pombe, inasoma 1.046. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu vipovu vya huruma, ikashuka kinyonge mpaka 1.030 halafu ikagoma hapo hapo siku tatu nzima. Kuonja, togwa! Tamu mpaka jino linauma.

Nikahisi labda kifuniko kinavuja, maana kikivuja gesi inapita pembeni na kile kimrija cha juu hakibubujiki hata kama ndani kazi inaendelea, ndo maana nasema msiamini mapovu aminini haidromita. Nikapaka povu la sabuni kuzunguka kifuniko chote, wapi, hakivuji. Sasa kuna bi mkubwa jirani yangu, mtu wa Newala, msimu wa mabibo uraka wake, ile pombe ya mabibo, mtaa mzima unapanga foleni. Akapita akachungulia, "Mwanangu, hiyo hamira uliijaribu kwanza?" Namuuliza kuijaribu vipi tena mama. Akataka glasi, maji ya uvuguvugu na kijiko cha sukari, tukamwagia pakti ya pili niliyokuwa nimebaki nayo, tukakaa tunaiangalia kama TV. Dakika 20. Imetuama chini kama mchanga wa Shangani, juu maji meupe peee. "Maiti hii," akasema, akaenda zake kuanua nguo.

Ndo nikaagiza Voss ya Lallemand, kampuni ya hamira, pakti ya gramu 11. Asili yake Norwei, kwenye mashamba ya huko Voss watu walikuwa wanarithishana hamira kizazi hadi kizazi, na cha kuchekesha imetoka nchi ya baridi lakini inapenda joto kutuzidi sisi. Hamira nyingi za bia zinataka nyuzi 20 hivi, sasa Mtwara mwezi wa kumi na mbili nyuzi 20 utaipata wapi kama huna friji la ziada? Hii inafanya kazi vizuri kabisa kwenye 35 mpaka 40.

Muuzaji wa Dar nampa hongera, nilimwomba aifunge na barafu asiitupe tu kwenye buti la basi, akafanya hivyo, imefika bado ya baridi. Nauli ndo imeniuma.

Ile ndoo iliyogoma sikuimwaga. Nilichukua kikombe cha ile bia tamu nikakipasha vuguvugu, nikaianzishia hamira humo mpaka ikatoa povu la kueleweka ndo nikamimina kwenye ndoo, maana ukiitupa kavu kwenye kitu ambacho tayari kina pombe inashtuka. Siku ya tatu 1.012. Nilipiga kelele wife akadhani nimeumwa na nge.

Ndoo ya pili nikaanza nayo mwanzo, na hapa nikakoma. Nimeweka saa mbili usiku, asubuhi povu limepanda limetoka na kimrija limeshuka ukutani mpaka chini ya kochi, sisimizi wa Chuno nzima wamealikwa. Acheni nafasi kwenye ndoo, lita nne au tano hivi, sio utani. Siku ya tatu 1.010, hesabu yake inakuja kama asilimia 4.7 ya kilevi. Ina kaharufu ka chungwa, mi nimeipenda, shemeji yangu kasema "mbona kama juisi" lakini chupa kamaliza.

Nyota moja naitoa kwa sababu bei sio rafiki, na kingine joto likishuka nayo inapunguza mwendo. Hii niliyonayo sasa nimepika mwezi wa saba, usiku unapoa, ikaanza kusuasua, nimeikalisha kwenye beseni la maji ya moto kiasi na blanketi juu, mtoto anauliza baba nani anaumwa. Leo asubuhi 1.022 kutoka 1.048, inashuka. Pakti iliyobaki iko friji, imejificha nyuma ya samaki, na kabla sijaitumia nitamwita tena bi mkubwa na glasi yake.