Darasa la sayansi la Jumamosi pale Tudor, Mombasa: mkubwa kafaidi, mdogo bado

Wazazi wenzangu mnaotafuta tuisheni ya sayansi, wangu wawili wameenda Jumamosi sita sasa, binti yuko gredi ya tano na mdogo ana miaka 5, na mara mbili nimekaa mkekani nyuma mpaka mwisho nijionee.

Siku ya kwanza mwalimu aliuliza mti mkubwa unatoa wapi uzito wote ule, binti yangu mbio mbio, kwa mchanga! Hakumwambia umekosea. Akamwambia watu wenye akili zao waliamini hivyo karne na karne, alafu akawahadithia van Helmont, mwanasayansi wa zamani wa Brussels, alipanda mti kwenye chombo cha udongo ratili 200, akautia maji tu miaka 5, mti ukatoka ratili 5 ukafika 169 na udongo ukapungua kama wakia 2 basi. Binti akaruka, kumbe ni maji! Akaambiwa na yeye van Helmont alisema hivyo hivyo, hewa hakuihesabu, mpaka 1804 ndo mwanasayansi mwengine, de Saussure, akaonyesha kwa kupima kwamba mmea unajijenga kwa kaboni ya hewani pamoja na maji. Wallahi mizani yangu ya unga wa mahamri sasa iko barazani chini ya mkebe wa kunde, kila asubuhi anapima anaandika, na mi siitaki tena.

Malalamiko yangu ni kuhusu huyu mdogo. Wamechanganywa wote chumba kimoja, visa vya miaka 400 iliyopita vinampita tu. Siku aliyochangamka ni ile ya sharubati ya ukwaju, ilimiminwa kutoka bakuli pana ikaingia glasi nyembamba ndefu, akashikilia glasi ndo ina nyingi, ikarudishwa bakulini mbele ya macho yake, bado glasi! Mwalimu mwenyewe alitueleza Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliyaona haya kwa watoto wa chini ya kama miaka 7, wanaangalia urefu wanasahau upana, na maneno hayawabadilishi upesi. Sasa kama alijua, mbona mtoto alimimina mara moja tu akaambiwa akae? Wadogo wawekewe saa yao, na majagi na maji wachezee mpaka wachoke.

Ada ni shilingi 500 kwa mtoto, wanaanza saa tatu. Feni ni moja na chumba kinajaa, wapeni watoto maji ya kunywa.