Wamelipoza gari, wamenichemsha mimi

Nilijiambia nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haipoi, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Gereji siitaji jina. Iko Ilala, ni ya mafundi wa AC, ina turubai la bluu na benchi la wateja, na asubuhi ukichelewa hupati pa kuegesha. Gari langu ni Corolla 110 ya mwaka 1998. Wanaoijua hawahitaji maelezo, na wasioijua hayatawasaidia.

Tatizo nililokwenda nalo nalieleza taratibu, kwa sababu fundi hakutaka kulisikiliza taratibu. Gari likiwa linatembea, tuseme Barabara ya Bagamoyo alfajiri, AC inatoa baridi mpaka mama yangu anaomba khanga ajifunike. Likisimama kwenye foleni ya Mwenge, haipiti muda upepo unageuka vuguvugu, na mshale wa joto kwenye dashibodi unaanza kupanda. Nikizima AC, mshale unashuka. Foleni ikisogea, baridi inarudi.

Mtu akikueleza hivyo amekwisha kukufanyia nusu ya kazi. Baridi ipo, kwa hiyo gesi ipo na kompresa, pampu yake, inasukuma. Kinachokosekana gari likisimama ni upepo. Ukiwa kwenye mwendo, barabara yenyewe inaipulizia kondensa, ile rejeta nyembamba ya AC iliyokaa mbele ya rejeta ya maji. Ukisimama inategemea feni. Feni ikifa, joto la gesi halina pa kwenda, presha inapanda, na hewa ya moto inayotoka hapo ndiyo inayoingia kwenye rejeta ya maji nyuma yake. Ndiyo maana na mshale nao unapanda. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, magari sikusomea, lakini nilimwambia fundi kwa mdomo wangu: "Naomba uanze na feni."

Fundi mkuu, mtu mzima, ovaroli halina hata doa la grisi, akanijibu kabla sijafungua boneti: "Gesi imeisha hiyo, dada."

"Ingekuwa imeisha, fundi, isingepoa hata nikiwa natembea."

Akatabasamu. Wanawake wenzangu mnalijua tabasamu lenyewe. "Dada yangu, kaa pale kwenye benchi kuna kivuli. Hii kazi tuachie sisi."

Hapa mnivumilie kidogo, maana hili la gesi limenikaa kooni. Gesi ya AC si petroli. Haiunguzwi, haitumiki, inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua imevuja mahali, na fundi anayejaza bila kutafuta panapovuja anajihakikishia tu kwamba utarudi. Tena mfumo ukishafunguliwa, kabla ya kujaza inatakiwa pampu ifyonze hewa na unyevu wote uliomo ndani. Unyevu ukibaki unaganda kwenye kitundu cha valvu na kuziba njia, na ukichanganyika na gesi na oili unatengeneza asidi inayokula vyuma taratibu. Pampu ya kufyonza walikuwa nayo. Nimeiona kwa macho yangu, iko chini ya meza, juu yake wameweka birika la chai.

Gesi yote iliyokuwemo akaiachia hewani, pshhhh, mbele ya watoto waliokuwa wanapita kutoka shule. Akachomeka mipira yake miwili, wa bluu na mwekundu, akafungulia mtungi usio na karatasi wala maandishi. Nikauliza ni gesi gani. "Gesi ya AC." Najua ni gesi ya AC! Naulizia aina, kwa sababu magari haya yanatumia R134a, na zipo gesi bandia zilizochanganywa propani na butani, yaani gesi ya kupikia, ambayo ikivuja karibu na cheche inawaka. Hakunijibu. Mzani hakuwa nao pia. Kipimo kimebandikwa chini ya boneti, kwa gramu, toka gari linatoka kiwandani, yeye akapima kwa sikio na kwa geji iliyopasuka kioo. Elfu hamsini, asante, karibu tena.

Kufika Buguruni tu, vuguvugu.

Nikageuza. Na hiki kinachofuata ndicho kilichonifanya niandike, mengine yote ningeyasamehe. Nilishuka, nikamwambia bila kupandisha sauti, kwa heshima kabisa, kwamba tatizo liko pale pale. Alikuwa anakula muhogo. Hakuinuka. Akasema, na akahakikisha benchi lote limesikia: "Mama, gari lenyewe la mwaka tisini na nane. Ukisikia joto, fungua vioo."

Benchi likacheka. Yuko kaka mmoja wa Prado alicheka mpaka akakohoa.

Kumbuka asubuhi nilikuwa dada yake. Baada ya kutoa elfu hamsini nimekuwa mama mwenye gari bovu. Na hilo la vioo mtu asifikiri ni utani mdogo. Mwezi wa pili Dar, saa saba mchana, na mama yangu mwenye presha amekaa kiti cha nyuma tunatoka kliniki Muhimbili, nifungue vioo niingize nini? Moshi wa malori ya Barabara ya Mandela? Gari kuwa la zamani si sababu. Vitu vinavyokufa kwenye AC ya gari la zamani ni vile vile miaka yote: mipira ya kuzuia kuvuja inakauka, kondensa inaziba vumbi na wadudu, feni inachoka. Vyote vinapatikana Shaurimoyo, vipya na vya mtumba. Uzee wa gari umekuwa kichaka cha mafundi kujifichia uvivu.

Kwa hiyo hukumu yangu ya kwanza ilikuwa moja: msiende, hata mkipewa bure.

Lakini haki itendeke. Pale kuna kijana deiwaka, mwembamba, kandambili mguuni, ndiye anayetumwa maji na vocha. Wenzake wakiwa bado wanacheka, alinifuata kwenye gari. "Shikamoo mama. Naomba uwashe, uweke na AC." Nikawasha. Hakushika geji. Aliinama mbele ya gari akaweka kiganja kwenye nyavu za kondensa, akasikiliza, kisha akashika mabomba mawili ya AC, mkono huku na mkono huku. Lile jembamba alilitoa mkono haraka, la moto. Lile nene halikuwa na jasho hata kidogo, wakati likifanya kazi sawasawa linatakiwa kutoka jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Akaniita nitazame: feni ya rejeta ya maji inazunguka, ya pembeni yake, ya kondensa, imesimama kimya.

Halafu akafanya jambo lililonifurahisha kuliko lolote nililowahi kuona gereji. Akaenda kwanza kuchomeka geji. Mshale wa upande mwekundu, wa presha kubwa, ulikuwa umepita mia tatu na unatetemeka. Akachukua dumu la maji, akaanza kumwagia kondensa kidogo kidogo, huku ananiambia, "Mama, weka mkono kwenye tundu la upepo." Mshale ukaanza kushuka, na mimi ndani ya gari, gari limesimama pale pale juani, nikasikia baridi inakuja kwenye vidole. Maji yakaisha, mshale ukapanda, vuguvugu likarudi. "Umeona? Gesi ipo, tena nyingi kupita kiasi. Haipati upepo." Dumu la maji! Nusu saa ya kelele za fundi mkuu, na jibu lilikuwa kwenye dumu la maji.

Mota ya feni ilikuwa imekwisha brashi, vile vipande vya kaboni vya kuipitishia umeme. Akaenda kununua mota nyingine ya mtumba, akaifunga, akapunguza gesi iliyozidi, akasafisha nyavu kwa brashi laini na maji bila kukunja hata jani moja. Bila kelele, bila kuniambia nikae kivulini. Nilipotoka pale nikapita kwa makusudi kwenye foleni ya Tazara, nikasimama nayo mpaka basi: baridi tupu, mshale katikati, hautikisiki. Siku ile ungeniuliza ningekuambia nenda, tena nenda leo. Nilikuwa nimeshaanza kumtungia maneno mazuri, na fundi mkuu nilikuwa nimemsamehe nusu.

Nusu hiyo naiondoa.

Siku chache baadaye naenda Kibaha asubuhi, kaubaridi ka mvua, naona mshale haupandi. Umelala chini kabisa, kama injini haijawashwa, na petroli inakwenda kuliko kawaida. Jirani yangu fundi akafungua pale inapokaa themostati, ile valvu ya maji ya kupoza injini. Patupu. Imeondolewa! Nikakumbuka: kijana alipokwenda Shaurimoyo kufuata mota ya feni, mimi nikiwa kwa mama ntilie, fundi mkuu alijisogeza kwenye gari langu "kusaidia kuangalia maji". Kulanti yangu, yale maji maalumu ya rejeta, niliyoweka si muda mrefu nayo akaimwaga, akajaza maji ya kisima ya pale, yenye chumvi unayoisikia hata ukinawa mdomo.

Nikampigia. Hakukana. "Nchi ya joto hii, mama. Ile ni ya kwa wenzetu wa baridi. Nimekusaidia, lisichemshe."

Wangapi tumeambiwa hivyo? Themostati inafunga maji mpaka injini ipate joto lake, karibu nyuzi 80, ndipo inafungua njia ya rejeta. Na kwenye injini nyingi za Toyota ikifungua huku inafunga kule, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote: barabarani asubuhi injini inapoa kupita kiasi, halafu siku ya foleni ya kweli na AC imewashwa, sehemu ya maji ya moto inazunguka tu bila kupoa. Vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinakataza kuitoa hata kama injini inachemsha. Sasa amenisaidia nini huyu? Ameondoa kifaa kizima kwenye gari la mtu bila ruhusa, na hata kwenye risiti, ile karatasi ya daftari aliyoiita risiti, hakuandika.

Nimenunua nyingine Shaurimoyo pamoja na raba yake, jirani ameifunga, tumesuuza rejeta na kuweka kulanti upya. Gari liko vizuri, AC inapoa hata nikisimama, na hilo ni la yule kijana, sitamnyima. Namba yake ninayo, na nimeshamwambia anipe taarifa akihama. Kabla hajahama siwezi kumshauri mtu aende pale. Au nendeni, lakini mtafuteni wa kandambili, na msiondoke kwenda kula.

Themostati yangu ya zamani bado naidai. Fundi mkuu anasema haijui ilipo. Jumamosi naipitia.